Kuezeka upya karakana ya uani Mombasa: paa hufia matunduni

Paa la bati hapa Mombasa halifi katikati ya bati. Huanza kufa kwenye tundu la msumari, kwenye ukingo uliokatwa, na pale mbao zinapokaa juu ya ukuta. Pita Kisauni, Likoni au Bamburi uangalie mabati yaliyochakaa: katikati bado pana rangi ya zinki, lakini kila msumari umezungukwa na duara la kutu, na ukingo wa chini umeliwa menomeno. Kwa hiyo mwenye karakana akituuliza anunue bati la geji gani, yaani unene gani, jibu letu huwa ni kwamba geji ni swali la tatu. La kwanza ni paa litafungwa na nini. La pili ni maji na chumvi vitatoka vipi.

Tuchukue karakana ya kawaida ya uani: kuta za mawe ya matumbawe, mita 6 kwa mita 4 kwa nje, mlango mpana upande mmoja, na bati la zamani lililolala karibu bapa. Kama kilicho juu ni asbestosi, usikiguse. Usivunje, usitoboe, usifagie vumbi lake. Hiyo ni taka hatari kisheria na NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, ina mwongozo wake. Kazi ya kuishusha ni ya watu wenye leseni. Na kama nyumba iko Mji wa Kale, ujue lile ni eneo la hifadhi, kwa hiyo pitia kwanza ofisi ya hifadhi kabla hujabadilisha umbo wala kimo cha paa.

Wakati wa kufumua ni Januari hadi Machi mwanzoni, kabla ya mvua za mwaka, yaani masika. Aprili na Mei usithubutu, hata kama fundi anakuapia kuwa atamaliza kwa siku mbili. Agosti na Septemba panafaa, ila upepo wa kusi bado una nguvu, na bati la mita 5 mikononi mwa watu wawili juu ya ukuta likishika upepo huwachukua wote.

Umbo tunalopendekeza kwa karakana ya ukubwa huu ni mteremko mmoja, kama kipenu kinachojitegemea. Halina mgongo wa kati, kwa hiyo halina kofia ya kufunika mgongo inayoweza kuvuja. Mteremko usiwe chini ya digrii 10. Kwa upana wa mita 4, digrii 10 ni tofauti ya kimo cha sentimita 70 kati ya ukuta wa juu na wa chini, nayo inakaribia kozi (safu) tatu za mawe pamoja na simiti yake. Watu wengi huacha sentimita 30 ili kuokoa mawe, kisha wanashangaa maji kurudi nyuma chini ya bati mvua inapopigwa na upepo.

Upande wa chini uelekee kusini. Kusi hutoka kusini-mashariki, na linapokuja na mvua, heri likutane na ukingo wa chini kuliko kuingia kwenye uwazi wa juu. Kisha ukumbuke kaskazi nalo hutoka kaskazini-mashariki. Pepo zetu zote mbili zina mashariki ndani yake. Anza basi kulaza mabati kutoka pembe ya magharibi ukienda mashariki. Kila bati jipya litapanda juu ya lile lililotangulia, na mdomo wa kila kiungo utatazama magharibi, upepo uupe mgongo. Fundi aliyeanza upande wa pili hakukosea vipimo, lakini amefungua midomo ya viungo vyote kwa upepo wa mwaka mzima.

Sasa hesabu. Paa lipangwe kufuata bati, usilikate bati lifuate paa. Pima mwenyewe dukani upana ambao bati moja linafunika baada ya kupandana. Hutofautiana kati ya kiwanda na kiwanda na kati ya migongo ya mviringo na ya boksi. Tuseme ni sentimita 76. Mabati tisa yanafunika mita 6.84. Basi papi, mbao zinazolaliwa na bati, zitoke sentimita 40 nje ya kila ukuta wa upande, jumla mita 6.8, na hutapasua bati hata moja kwa urefu. Kwenye mteremko, mita 4 za ukuta ongeza sentimita 50 za baraza, yaani paa linalotokeza nje ya ukuta, upande wa chini na 30 upande wa juu, unapata mita 4.8 ukipima kwa usawa. Zikilala kwenye digrii 10 zinakuwa mita 4.87. Hizo ni futi 16 kamili za mbao. Bati liagizwe la mita 4.95, ili lizidi mbao kidogo na kudondoshea maji ndani ya gata, mfereji wa kukinga maji ya paa.

Agiza bati la kipande kimoja. Viwanda hukata kwa urefu unaotaka. Kuunga bati la mita 3 na la mita 2.5 ni rahisi kwa usafiri, lakini kwenye mteremko mdogo kiungo hicho cha katikati ndicho kitakachovuja kwanza, kisha kitashika kutu kutoka ndani ambako huoni.

Mbao zitakazohitajika: rafta (mbao za mteremko zinazobeba papi) za inchi 6 kwa 2, tisa, moja kila sentimita 75, kila moja futi 16, jumla futi 144. Papi za 3 kwa 2, mistari saba, kila sentimita 80, kila mstari kama futi 23. Hesabu ni 161, nunua 170 kwa sababu ya viungo na vipande vilivyopinda. Mwamba, mbao inayolala juu ya kila ukuta wa mita 6 na kukaliwa na rafta, uwe 4 kwa 2, jumla futi 40 hivi. Viungo vya papi vikae juu ya rafta, na visipangane kwenye rafta moja mistari yote.

Saipresi iliyotiwa dawa inatosha. Lakini mbao ya kijani iliyotoka kwenye dawa juzi ina shaba ndani yake, na shaba ikipata unyevu hula zinki ya bati. Iache ikauke vizuri kivulini, kisha weka ukanda wa nailoni nene ya ujenzi juu ya kila papi kabla ya bati kulala. Oili chafu ya gari usiipake. Inadondoka wakati wa joto, rangi haishiki juu yake, na karakana ikiwa na mashine ya kuchomelea umejiwekea kuni juu ya kichwa. Mbao za paa la zamani zinaweza kutumika tena zikipita mtihani wa bisibisi: ichome mbao sehemu iliyokuwa imekaa ukutani, ikizama zaidi ya sentimita moja, hiyo ni ya jikoni. Angalia pia njia za udongo za mchwa na unga mwembamba wa wadudu wanaobungua mbao.

Hapa ndipo wengi hupunguza gharama pasipostahili: kufunga paa kwa ukuta. Paa hili zima, mabati na mbao, lina uzito wa kilo 400 hivi. Upepo wa mita 20 kwa sekunde una nguvu ya kama kilo 25 kwa kila mita ya mraba, na paa letu lina karibu mita za mraba 33. Hizo ni kilo 800 za kuinua, mara mbili ya uzito wa paa lenyewe. Na karakana yenye mlango mpana ulio wazi ni mbaya zaidi, kwa sababu upepo ukiingia ndani unasukuma kutoka chini huku ule wa nje unavuta kutoka juu. Misumari miwili ya inchi 4 iliyopigwa mshazari kutoka rafta hadi mwamba haikutengenezwa kwa kazi hiyo.

Mawe ya matumbawe nayo yana tabia yake. Bolti ya kupanuka ukiitia kwenye jiwe hilo, linapondeka na bolti inazunguka bure. Tia basi mkanda wa zege juu ya kila ukuta unaobeba rafta, kina sentimita 20, upana sentimita 15, nondo nne za milimita 10 na ringi za milimita 8 kila sentimita 20. Kwa kuta mbili za mita 6 ni zege la kama mita 0.36 za ujazo. Kwa mchanganyiko wa simiti moja, mchanga mbili, kokoto nne utatumia mifuko mitatu ya simiti ya kilo 50. Mchanga usitoke ufuoni hata kidogo, chumvi yake itaozesha nondo kutoka ndani. Nondo zifunikwe na zege la sentimita 4 juu na chini. Pembeni mkanda huu ni mwembamba, kwa hiyo ringi zikae katikati barabara na upande wa nje upigwe lipu. Kwenye ukuta ulioinuliwa kozi tatu, teremsha nondo wima pembeni na katikati zipite kozi hizo mpya na kuingia ukuta wa zamani, la sivyo umefunga paa kwenye mawe matatu yaliyokaa tu.

Zege likiwa bichi, simamisha ndani yake bolti za milimita 12 zenye mguu uliokunjwa, kila mita 1.2, sita kwa kila ukuta. Mwamba unalala juu yake na kukazwa kwa washa pana. Acha zege siku saba likimwagiwa maji kabla ya kulibebesha kitu. Kisha kila rafta ifungwe kwa utepe wa chuma, ule unaouzwa kwa roli, unaopita juu ya rafta na kushuka pande zote mbili hadi mwambani, misumari mitano kila upande. Rafta ikikatwa mdomo wa kukalia mwamba, mdomo usizidi theluthi ya kina chake, yaani sentimita 5. Malizia na mbao mbili za mshazari chini ya rafta, pembe hadi pembe, paa lisije likalala upande.

Sasa bati. Geji ndogo ndiyo nene: 28 ni nene kuliko 30, na 30 kuliko 32. Kwa papi za kila sentimita 80, geji 30 inabeba, lakini mtu akipanda kurekebisha gata itabonyea. Karibu na bahari, kama Nyali au Shanzu, chukua 28. Muhimu kuliko geji ni koti lake: la alumini na zinki pamoja huvumilia chumvi kuliko la zinki peke yake, na lenye rangi juu yake ni bora zaidi. Rangi nyeupe au krimu hupunguza joto, na kwa mtu anayepiga randa saa nane mchana mwezi wa Februari hilo si jambo dogo.

Yakishafika usiyalaze chini yamepangana. Maji ya umande yakinaswa kati ya bati na bati huzaa unga mweupe unaokula zinki kabla paa halijapanda. Yaegemeze yakiwa na mwinamo, yametenganishwa na fito, chini ya turubai isiyoyabana.

Usiyakate kwa grinda. Joto lake huchoma koti pande zote za mkato, na cheche zake ni vipande vya chuma vinavyojibandika juu ya bati. Siku ya pili umande umezigeuza madoadoa ya kutu. Tumia mkasi wa bati. Vumbi la drili nalo lifagiliwe siku hiyohiyo, kabla ya jioni. Alama za vipimo zipigwe kwa kalamu ya wino, si penseli, maana risasi ya penseli ni kaboni na huacha mstari wa kutu juu ya koti la alumini na zinki. Na ukilazimika kuziba mahali kwa silikoni, inuse kwanza. Inayonuka siki ina asidi, ikae mbali na bati. Duka likikwambia zote ni sawa, toka uende duka la pili.

Skrubu, si misumari. Bati la mita 5 likipanda joto kwa nyuzi 40 kutoka alfajiri hadi mchana hurefuka kama milimita 2.4, na usiku hurudi. Msumari laini unachezeshwa hivyo kila siku mpaka tundu lake la mbao linalegea. Kichwa kinainuka, maji yanaingia, kutu inaanza. Skrubu yenye washa ya mpira inashikilia kwa uzi wake. Chagua zilizopakwa koti nene la zinki za kutumika nje. Zile za chuma kisichoshika kutu zinavutia, lakini kwenye hewa ya chumvi hubaki nzima zenyewe huku bati linaliwa kuzunguka tundu.

Kila skrubu ipigwe juu ya mgongo wa wimbi, kamwe isiwe bondeni ambamo maji hupita. Kwenye papi ya kwanza na ya mwisho piga nne kwa kila bati, kwa sababu ukingo ndio unaoshikwa na upepo. Papi za katikati tatu zinatosha. Hizo ni 23 kwa bati, 207 kwa mabati tisa, nunua 250. Drili iwe na mkono mwepesi. Mpira ukianza tu kutokeza kidogo chini ya washa, simama. Ukizidisha, mgongo wa bati unabonyea na kuwa kibakuli cha maji, na mpira unapasuka kwa jua kabla ya mwaka kwisha. Ukipunguza, maji yanapita. Skrubu iliyoingia upande uiondoe na kuipiga upya palepale kwa skrubu nene zaidi. Usiiache ukategemea silikoni.

Kabla ya kulaza kila bati, shika koleo ukunje mabonde ya ncha yake ya juu kwenda juu, kiasi cha sentimita 2. Upepo ukisukuma maji kupanda mteremko, yanagonga ukuta huo mdogo na kurudi. Ncha ya chini nayo ipindwe kidogo kuelekea gata. Juu ya ncha ya juu itakuja kofia ya pembeni inayoshuka mbele ya mbao ya urembo angalau sentimita 10.

Mwanga: bati moja angavu kati ya tisa linatosha, na lisiwe juu ya meza ya kazi moja kwa moja, maana hutaona mstari wa penseli kwa mng'ao. Plastiki ya polikaboneti hurefuka mara tano au zaidi kuliko chuma. Kwa urefu huuhuu na joto hilohilo ni karibu milimita 13. Toboa matundu yake mapana kuliko skrubu, la sivyo itapasuka kutoka tundu hadi ukingo. Upande wenye kinga ya jua uangalie juu. Umeandikwa kwenye nailoni yake, kwa hiyo usiivue kabla ya kusoma. Hakuna anayeikanyaga.

Nafasi kati ya ukuta wa juu na bati usiizibe kwa mawe. Weka wavu wa chuma ulio na matundu madogo, joto litoke na popo wasiingie.

Paa hili linakusanya eneo la mita za mraba 32 na ushei, kwa hiyo mvua ya milimita 10 ni zaidi ya lita 320, sawa na mitungi 16 ya mkokoteni. Gata ya plastiki ya inchi 5 ishuke sentimita 3 hadi 4 kwa urefu wake wote, vishikizo kila sentimita 60, bomba la kushusha maji la inchi 3. Gata ya bati hapa hutangulia paa kufa, kwa kuwa matope yenye chumvi hulala ndani yake. Maji ya mvua ya kwanza baada ya kiangazi yamwage. Yana vumbi, chumvi na kinyesi cha kunguru, na kunguru hapa hawana uhaba. Kama nyumba kubwa ina kiyoyozi, bomba lake la maji lisidondoke juu ya paa hili. Maji hayo yamepita kwenye shaba, na mstari wake kwenye bati utauona kabla ya miaka mingi kupita.

Kagua skrubu baada ya mvua za mwaka za kwanza, hasa mistari miwili ya kingo. Mara mbili kwa mwaka, mwisho wa kaskazi na mwisho wa kusi, osha kwa maji matamu na ufagio laini. Juu ya paa mvua imeshakusaidia. Peleka bomba chini ya baraza, ndani ya migongo ya bati na nyuma ya gata, mahali ambapo chumvi inatua na mvua haifiki. Ndipo kutu ya kwanza itakapotokea, na ikiwa ni madoa tu, brashi ya waya laini na rangi ya zinki vinaizuia siku hiyohiyo.